Nyika Isiyokuwa Tupu

Neno nyika lina mambo yake. Watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa kuitaja bara iliyo nyuma yao, nchi kavu yenye miba na uhaba wa maji, na aghalabu walilitamka kana kwamba huko hakuna mtu. Hata hivyo neno hilohilo liliwapa jina majirani zao, Wanyika, ambao leo tunawaita Mijikenda kama wanavyojiita wenyewe. Basi mtu wa mjini alisema nyika kwa maana ya mahali patupu, na papo hapo akawa amemtaja anayekaa hapo. Nimelifikiri sana jambo hili tangu safari niliyoifanya Februari 2019 katika nyika iliyo mashuhuri kuliko nyingi duniani, yaani Serengeti. Katika kurasa hizi napenda nimweleze msomaji tuliyoyaona kule, pamoja na yale ya historia ambayo macho peke yake hayawezi kumwonyesha msafiri.

Tulikuwa watu wanne: shemeji yangu, mwanawe aliyekuwa dereva, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, na mimi. Tulikwenda kwa Land Rover kuukuu iliyogeuzwa gari la kulala. Juu ya paa palifungwa hema linalokunjuliwa kwa ngazi, nyuma mliwekwa jiko la gesi, tangi la maji, na kabati la vyombo lililofungwa kwa mpira ili sahani zisiruke barabarani. Mtu akiwa na gari la namna hii hana haja ya kukimbilia hoteli kabla ya jua kutua. Hupika, hula na kulala palepale kambini, na usiku unakuwa sehemu ya safari sawasawa na mchana.

Kutoka Arusha tulipita Makuyuni na Mto wa Mbu, tukaupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, tukaingia kwa lango la Loduare. Kutoka hapo barabara hupanda katika msitu wenye ukungu mpaka kwenye ukingo wa Ngorongoro. Ukisimama ukingoni, sakafu ya kreta iko kiasi cha mita 600 chini yako, na nyati walio kule huonekana kama punje za mtama. Wageni wengi hupiga picha hapo na kusema kwamba dunia ilikuwa hivi siku ya kwanza. Si kweli, na ni vema tuanzie hapo.

Machi 1892 alifika mahali hapo Oscar Baumann, Mwaustria, aliyekuwa ameondoka Tanga mwanzoni mwa mwaka huo pamoja na msafara mkubwa wa wapagazi. Yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuiona Ngorongoro. Humo hakukuta bustani ya wanyama tu. Alikuta Wamasai, tena Wamasai waliokuwa wakifa njaa. Aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa mitupu, watoto wasio na nguvu, na wapiganaji hodari wa jana waliogeuka ombaomba. Kilichowafikisha hapo ni sotoka. Maradhi haya ya ng'ombe yaliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, yakashuka kusini kwa kasi, na katika nchi ya Wamasai yakaua sehemu kubwa mno ya mifugo. Ndui nayo ikafuata. Wamasai wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai, yaani wakati wa kumalizwa.

Sotoka haikuchagua kati ya zizi na pori. Nyati na nyumbu walikufa vilevile. Kwa hiyo wageni waliofika miaka michache baadaye waliikuta nchi yenye watu wachache na mifugo michache, wakadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walijipatia mashamba ndani ya kreta kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1913 mwindaji Mmarekani, Stewart Edward White, aliingia Serengeti akitokea kaskazini, na sifa za nchi hiyo zikaenea kwa wawindaji wenzake. Nchi iliyokuwa imefiwa ikasifiwa kwa ukimya wake.

Kabla hatujashuka nyandani tulisimama katika nyanda za juu tulipomkuta mzee mmoja wa Kimasai, amekaa kivulini na fimbo yake magotini, akiwaangalia vijana wakinywesha ng'ombe. Tulimwamkia, akapokea shikamoo zetu, akauliza habari za kwetu na za mvua ya kwetu. Shemeji alimuuliza kwa nini ng'ombe wako huku juu, na majani mazuri yako kule chini.

"Nyumbu wanazaa," akajibu. "Wakizaa, sisi tunapisha. Ng'ombe akila palipolala ndama wa nyumbu, anaumwa, macho yanaharibika, anakufa. Baba yangu alijua, na babu yake alijua."

Madaktari wa mifugo wanaujua ugonjwa huo. Husababishwa na virusi ambavyo ndama wa nyumbu hubeba bila kuumwa na ambavyo humuua ng'ombe. Wafugaji walikwisha kuupatia kinga ya pekee waliyokuwa nayo, nayo ni kuhama kwa zamu. Miezi ya kuzaliana nyanda ni za nyumbu. Nyumbu wakishaondoka na ndama wakikua, ng'ombe hushuka. Nilimtazama mjukuu wangu, naye alikuwa amemkazia macho mzee kama aliye darasani.

Tukampa mzee chai, na katika mazungumzo akasema kwamba alizaliwa Moru, huko ndani ya hifadhi, na kwamba walihamishwa yeye akiwa layoni anayechunga ndama. Hakulalamika. Alitaja majina ya mawe na ya visima vya kule kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu nyumba za mtaa wake.

Siku hiyo tulifika Ndutu jioni. Tangu tulipoupita mteremko wa Olduvai nchi ilikuwa imefunguka, majani mafupi mpaka upeo wa macho, bila mti. Wataalamu hueleza kuwa majivu ya milima ya volkano iliyo mashariki yaliifunika nchi hii kwa zama nyingi, yakaganda chini ya udongo na kuwa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haiwezi kulipenya. Majani yaotayo juu yake yana madini mengi, hasa chokaa, nayo humfaa mama anyonyeshaye. Ndiyo maana nyumbu huja kuzalia hapa, na wengi wao huzaa katika muda wa kama majuma matatu tu. Tulimwona jike mmoja akizaa umbali wa hatua hamsini kutoka garini. Baada ya dakika chache ndama alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaanza kumfuata mamaye. Fisi wawili walikuwa wamelala karibu, wamevimba kwa shibe, wala hawakuinuka.

Wingi wa nyumbu tuliouona nao una historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama robo milioni tu. Wakati huo ng'ombe wa maeneo ya jirani walikuwa wakichanjwa dhidi ya sotoka, na katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyo bora zaidi. Ilipofika mwaka 1963 hivi, sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Chanzo cha maradhi kilikuwa zizini, na zizi lilipopona pori likapona. Mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika kiasi cha milioni 1.3. Mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa. Kwa hiyo maajabu haya ambayo watu huvuka bahari kuja kuyaona ni, kwa sehemu, matunda ya kazi iliyofanywa kwa ng'ombe wa wafugaji.

Usiku ulipoingia tulizima taa zote. Tulikuwa tumechagua siku za giza, mwezi ukiwa haujaandama. Mjukuu wangu alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, ambako taa za barabarani zimezifuta nyota nyingi. Akatazama juu, akanyamaza, kisha akauliza, "Babu, hizi zote kule nyumbani huwa ziko wapi?" Nikamwambia ziko palepale, ila sisi tumewasha taa mbele yake.

Nikamwonyesha Kilimia, karibu na utosi wa mbingu, kimeelekea kidogo kaskazini. Jina lake latokana na kulima, kwa kuwa wakulima walitazamia majira kwa kundi hilo. Wahenga walisema kuwa kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hupotea magharibi mwezi wa Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Wamasai pia waliyahesabu majira kwa nyota hizohizo, wakiziona kama ng'ombe wanaofuatana. Mkulima aliona jembe, mfugaji akaona kundi lake. Upande wa kusini iling'aa Suheli, nyota ambayo manahodha wa Bahari ya Hindi waliitumia kuujua upande wa kusini, na chini yake lilionekana wingu dogo jeupe lisilosogea kwa upepo. Hilo ni kundi kubwa la nyota lililo nje ya kundi letu.

Mwanga wa Kilimia husafiri kama miaka 440 mpaka utufikie. Mwanga tuliouona usiku ule uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Na ardhi tuliyoikalia ni ya kale kuliko hesabu hiyo. Olduvai, tulikopita mchana, ndiko Mary Leakey alikoliona fuvu mnamo Julai 1959, fuvu ambalo mumewe Louis alilipa jina la Zinjanthropus, kwa kufuata Zinj, jina la zamani la pwani yetu. Huko Laetoli, kusini yake, zilipatikana mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kabla ya simba kuanza kunguruma ng'ambo ya ziwa usiku ule, tulikuwa tumekwisha kubaliana kwamba ni vigumu kupata mahali ambapo watu wamekuwapo muda mrefu kuliko hapa.

Alfajiri, Zuhura na Mshtarii zikiwa bado zinawaka mashariki, tulikunja hema tukaelekea Naabi, na kutoka hapo Moru. Huko kuna vilima vya mawe makubwa vilivyosimama nyandani kama visiwa. Katika pango moja kuna ngao zilizochorwa na Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Karibu yake kuna jiwe lenye mashimo madogo, ambalo ukiligonga hulia kama kengele. Nilizikumbuka hesabu za yule mzee. Hapa ndipo mtaani kwake.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na Ngorongoro ikiwa ndani yake. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini mapatano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikawa ya wanyama tu, Ngorongoro ikawa eneo ambamo wanyama na wafugaji wangekaa pamoja. Mwaka huohuo Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, alianguka na ndege yake akafa. Filamu yao juu ya Serengeti iliusisimua ulimwengu, na makaburi yao yako ukingoni mwa kreta. Na mwaka huohuo Mmarekani Wally Byam, mtengenezaji wa nyumba za kukokotwa za Airstream, aliongoza msafara wa nyumba 41 za magurudumu kutoka Cape Town kuelekea Cairo, ukapokewa njiani na Mfalme Haile Selassie. Wakati wageni wanasifiwa kwa kuhamahama na nyumba zao, wenyeji waliohamahama kwa sababu ya majani na maji walikuwa wakionyeshwa mpaka.

Simdharau Grzimek, wala siwalaumu waliolinda. Bila ulinzi, faru waliobaki wasingekuwapo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulionyesha jinsi mnyama anavyoweza kumalizwa upesi. Mwalimu Nyerere, katika Azimio la Arusha juu ya wanyamapori la mwaka 1961, aliahidi kwa niaba ya nchi changa kwamba wanyama hawa watatunzwa, na ahadi hiyo imeligharimu taifa. Tena watu wa Ngorongoro, waliokuwa hawazidi elfu kumi mwaka 1959, walikuwa zaidi ya elfu tisini mwaka 2017. Ardhi haikuongezeka. Hili ni tatizo la kweli.

Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema wanahama kwa hiari. Wapo wakazi walioupinga mpango huo hadharani. Ninaposoma habari hizo namfikiria yule mzee, ambaye amekwisha kuhama mara moja akiwa mtoto kwa ahadi kwamba Ngorongoro itakuwa kwao. Mtu wa namna hiyo anastahili kusikilizwa kwanza, kabla ya takwimu kusomwa, kwa kuwa anayajua mambo ambayo takwimu zimeyathibitisha baadaye: kwamba nyumbu hupishwa wakizaa, na kwamba majani hugawanywa kwa zamu.

Mjukuu wangu sasa ni kijana wa sekondari ya juu, na anataka kusomea udaktari wa mifugo. Nimemwambia kwamba akifika chuoni asome vitabu vyote atakavyopewa, na akifika kazini amwamkie mwenye ng'ombe kabla ya kumpima ng'ombe.