Mtoto wa Mapepe na Kitabu cha Fimbo

Mwaka 2025 shule ya watoto wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilitimiza miaka 75. Kanisa la Anglikana liliianzisha mwaka 1950, na hapo ndipo elimu maalumu ilipoanzia nchini. Viziwi walipata shule yao Tabora mwaka 1963. Wakafuata wenye ulemavu wa viungo, halafu mwaka 1982 wenye ulemavu wa akili, na katika miaka ya tisini wenye usonji. Kila kundi lina tarehe yake. Liko kundi moja lisilo na tarehe wala shule, nalo utalikuta katika kila darasa huku Morogoro, kuanzia Kinole hadi Mgeta: watoto wasiotulia.

Kiswahili kinawajua siku nyingi. Huyu ana mapepe, yule mtukutu, mwingine kichwa kigumu. Madaktari wana jina refu zaidi, tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopindukia, kwa kifupi ADHD. Si utundu wa umri. Ni ubongo unaokua kwa namna tofauti, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Mtoto anashindwa kushikilia jambo moja, kusubiri zamu yake, kuzuia mkono au mdomo. Wapo pia wasiorukaruka kabisa: wameketi kimya, macho dirishani, daftari wamelisahau nyumbani. Wasichana wengi wenye tatizo hili ni wa aina hii, ndiyo maana hawagunduliki. Makadirio yanayotumika duniani ni kama watoto 5 katika kila 100, kwa hiyo darasa la watoto 60 linaweza kuwa na watatu.

Nilikaa dawati moja na mmoja wao, katika shule iliyo kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, ambako asubuhi ukungu hushuka juu ya migomba hadi usione uwanja. Alijua kila njia ya mkato ya kuteremshia ndizi mjini, na hakuna aliyemshinda kupanda mti. Imla hakuwahi kuimaliza. Alichapwa karibu kila siku, na kila alipochapwa alilia kwa dhati, akaahidi kwa dhati, na kabla ya mapumziko alikuwa amesimama tena. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, basi baba yake alisema tabia ile imetoka kwa wajomba. Wajomba nao wakamrudishia baba. Kuhusu kurithi, wote walikuwa kwenye njia sahihi, ila hakuna aliyefikiri kwamba lililorithiwa si ukaidi. Aliacha shule darasa la tano.

Huko Ulaya jambo hili liliandikwa mapema. Daktari wa Kiskoti, Alexander Crichton, alieleza mwaka 1798 juu ya watu ambao fikra zao hazitulii mahali pamoja. Mwaka 1902, jijini London, daktari wa watoto George Still aliwahutubia madaktari wenzake juu ya watoto wenye akili nzuri lakini wasioweza kujizuia. Hali hiyo aliiita upungufu wa kujizuia kimaadili, neno lililowaumiza watoto kwa miaka mingi, lakini aliona kitu ambacho sisi hatujakiona hadi leo: mtoto wa aina hii huadhibiwa, na baada ya saa chache hurudia kosa lilelile. Mwaka huohuo wa 1902 Morogoro ilikuwa chini ya Wajerumani, na kumbukumbu iliyobaki vinywani mwa wazee ni “hamsa ishirini”, viboko 25.

Kisa ninachotaka kila mwalimu akijue kilitokea Marekani, katika jimbo la Rhode Island. Tajiri mmoja, George Bradley, alikuwa na binti aitwaye Emma aliyepata ulemavu baada ya ugonjwa wa ubongo. Mali aliyoiacha ikaanzisha hospitali ya watoto, iliyofunguliwa mwaka 1931. Charles Bradley, daktari na mtu wa ukoo huohuo, alikuwa akiwapiga watoto picha za ubongo kwa njia ya wakati ule: maji ya uti wa mgongo yanatolewa, hewa inaingizwa mahali pake. Maumivu ya kichwa yaliyofuata yalikuwa makali. Akajaribu kuyatibu kwa dawa ya kuchangamsha mwili iitwayo Benzedrine. Kichwa hakikupona sana. Lakini walimu wa hospitali ile walikuja na habari nyingine: baadhi ya watoto walioshindikana sasa walikuwa wanaketi, wanafanya kazi, wanamaliza. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Bradley akawajaribu watoto 30 kwa wiki moja, na karibu nusu yao walibadilika sana katika masomo. Alichapisha matokeo mwaka 1937.

Tafadhali msomaji, tazama nani aliyeona kwanza. Daktari alikuwa anatafuta dawa ya kichwa. Walimu ndio waliomwona mtoto. Jina la tatizo lilibadilishwa na madaktari wa Marekani mwaka 1968, likabadilishwa tena 1980 na 1987, lakini ushahidi wa mwalimu haujapungua thamani.

Je, mwalimu wa kwetu alipewa nini? Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aingie shule ya msingi. Lilikuwa azimio la heshima, na madarasa yalijaa. Miaka mitano baadaye, 1979, zikatoka kanuni za adhabu ya viboko zilizoruhusu hadi sita. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, madarasa yakafurika tena. 2002 zikatoka kanuni mpya zilizopunguza viboko hadi vinne. Mara mbili tulipowafungulia watoto mlango, waraka uliofuata ulizungumzia fimbo. Wa kumweleza mwalimu jinsi ya kumtambua mtoto asiyetulia kwa maumbile yake haukufuata. Mwaka 2018 mwanafunzi mmoja mkoani Kagera alifariki baada ya kuchapwa shuleni, taifa likalia, mjadala ukawaka kwa miezi kadhaa, kisha ukazimika.

Siwalaumu walimu. Mtu mmoja mbele ya watoto themanini hana pa kupumulia. Lakini kuna mambo yasiyodai shilingi: kumketisha mtoto huyu mbele, mbali na dirisha, kumpa hesabu tatu badala ya kumi, kisha tatu nyingine, kumtuma chaki au maji anapoanza kuchemka, kumsifu papo hapo anapomaliza. Na mzazi aambiwe kwamba hakulea vibaya wala mtoto hana shetani.

Kanuni za 2002 zinasema fimbo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Zinasema pia kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la aliyechapa. Walimu wakuu wa Morogoro, kifungueni kitabu hicho wiki hii. Hesabuni jina linalojirudia kila ukurasa, na mwenye jina hilo aketi dawati la mbele Jumatatu asubuhi.