Risasi na Shahidi Wake: Tarehe ya Kupima Mbio Zisizoonekana

Miongoni mwa vitu vyote ambavyo mkono wa mwanadamu umepata kuvirusha, tangu jiwe la kombeo hadi mshale wa upinde, risasi ndiyo ya kwanza iliyolishinda jicho. Maana mshale huonekana unapopaa na unapotua, na jiwe aweza mtu mwepesi kulikwepa, walakini risasi ikishatoka katika kasiba haionekani tena mpaka imekwisha fika, na kati ya moshi wa bunduki na tundu la shabaha hapana shahidi. Kwa karne nne watu wa Ulaya walipigana kwa baruti, wakabomoa ngome na kuzamisha merikebu, wala hapakuwa na mmoja wao, awe jemadari au mhunzi wa mizinga, aliyeweza kusema kwa yakini kitu kile alichokirusha kinakwenda kwa kasi gani.

Leo mpiga shabaha huingia dukani akanunua kronografu, yaani saa ya kupimia kasi ya risasi, na chombo hicho chaenea katika kiganja cha mkono. Taabu yake ni kuchagua, kwa kuwa vyombo ni vya aina nyingi na kila muuzaji husifu chake. Nami naona ya kuwa uchaguzi huo hauwi wa busara ila kwa mtu ajuaye vyombo hivyo vimetoka wapi. Kila kimoja kina nasaba yake, na hitilafu zake zimerithiwa pamoja na sifa zake. Zaidi ya hayo, hakuna hata kimoja, cha kale wala cha sasa, kipimacho kasi ya risasi yenyewe: vyote hupima kitu kingine, aghalabu kitu cha polepole, ambacho risasi imekiachia alama ilipokuwa ikipita, kisha mwanadamu huirudia alama ile kwa hesabu mpaka akaifikia kasi.

Galileo alikwisha onyesha katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa, lau hewa isingekuwapo, kingefuata njia ya tao liitwalo parabola. Na wataalamu wa mizinga waliokuja baada yake wakalipokea tao hilo kwa mikono miwili, wakidhani kuwa hewa ni kitu chepesi mno hata kisiweze kuizuia risasi ya madini. Dhana hiyo ilidumu miaka mia moja. Aliyeivunja ni Benjamin Robins, Mwingereza aliyezaliwa Bath mwaka 1707 katika nyumba ya Waquaker, watu ambao madhehebu yao huichukia vita na silaha, naye akatoka humo akawa mwalimu wa elimu ya mizinga kwa dunia nzima. Kitabu chake juu ya kanuni mpya za upigaji mizinga kilichapishwa mwaka 1742, na ndani yake mlikuwa na chombo ambacho seremala na mhunzi wa mji wowote wangeweza kukitengeneza kwa siku chache.

Chombo hicho kilikuwa timazi. Juu ya nguzo za miguu mitatu alitundika bamba la chuma, akalivika kipande kinene cha ubao upande wa kuelekea bunduki, na chini yake akafunga utepe mwembamba uliopita kati ya makali mawili ya chuma yaliyoubana kidogo, kiasi cha kuuruhusu uvutwe bila kulegea. Bunduki ikilia, risasi huzama katika ubao, timazi husukumwa nyuma, na utepe hutoka kwa kadiri ya msukumo ule; kisha mtu husogea bila haraka, moshi umekwisha ondoka, akapima urefu wa utepe kama fundi cherehani apimavyo kitambaa.

Hesabu yake, ukiacha marekebisho madogo madogo, mtu yeyote aweza kuifuata. Tuseme risasi ina uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili, na timazi lina ratili 56. Timazi basi ni zito kuliko risasi mara 672, na risasi ikisha kuzama humo, msukumo uliokuwa wa kitu kimoja hugawanywa kwa vitu 673. Kasi ya futi 1,670 kwa sekunde hushuka papo hapo ikawa futi mbili na nusu tu kwa sekunde, mwendo wa mzee atembeaye kwa mkongojo, na timazi hupanda kiasi cha inchi moja na akali kidogo. Huo ndio ufumbuzi wa Robins: alichukua mbio zisizoweza kuonekana, akazitia katika kitu kizito hata zikapungua zikaonekana, na mafundisho ya Newton juu ya msukumo yakawa ndiyo daraja la kuzirudia.

Baada ya kuipata kasi, Robins alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko chombo chenyewe. Aliliweka timazi mbali na bunduki kwa futi 25, kisha futi 75, kisha futi 125, akapiga kila mara kwa kipimo kile kile cha baruti. Na kasi alizozipata kwa wastani zilikuwa futi 1,670 kwa sekunde, 1,550 na 1,425. Katika safari ya futi mia moja, ambayo mtu huimaliza kwa hatua arubaini, risasi ilikuwa imepoteza futi 245 za kasi yake. Hewa ile iliyodharauliwa ilikuwa ikiisukuma nyuma kwa nguvu ipatayo mara 120 ya uzito wa risasi yenyewe. Kwa hesabu ya tao la Galileo, risasi yenye kasi hiyo ingalipaswa kwenda maili 16 na zaidi, na kila askari alijua kuwa bunduki yake haifikishi hata maili moja; jambo lilikuwa mbele ya macho ya watu wote, na hakuna aliyelitazama. Robins aliona pia kwamba kizuizi cha hewa hubadili tabia yake na kukua ghafula pale kasi ya risasi inapoikaribia kasi ya sauti, neno ambalo waunda ndege walikuja kulikuta tena baada ya miaka mia mbili.

Bunduki aliyoitumia Robins ni ndugu wa gobori ambalo wazee wa pwani na bara walilijua: kasiba laini isiyo na mifuo ndani, baruti na risasi ya duara vikishindiliwa kwa mdomoni. Kila aliyepata kulishindilia gobori ajua kwamba milio miwili haifanani, kwa kuwa baruti ya safari hii si sawa kabisa na ya safari iliyopita. Robins ndiye aliyeweza kusema tofauti hiyo ni futi ngapi. Mwanahisabati Leonhard Euler alikifasiri kitabu kile kwa Kijerumani mwaka 1745, akakiongezea maelezo yake mpaka fasiri ikakipita kitabu kwa unene. Robins mwenyewe alichukuliwa na Kampuni ya India ya Mashariki kwenda kutengeneza ngome zake, akafa mwaka 1751 huko Fort St. David, ng'ambo ya pili ya bahari hii hii ya Hindi, umri wake miaka 44.

Kazi ya timazi ilirithiwa na Charles Hutton, mtoto wa Newcastle aliyepata kuchimba makaa ya mawe katika ujana wake kabla ya kuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Yeye alilikuza timazi likawa la mamia ya ratili ili lipokee risasi za mizinga, na mwaka 1778 Jumuiya ya Kifalme ya London ikamtunukia medali ya Copley. Lakini kukua huko ndiko kulikodhihirisha udhaifu wa chombo: kadiri mzinga ulivyokuwa mkubwa, ndivyo timazi lilivyozidi kuwa jengo zima, na tena risasi iliyopimwa ilikwisha zikwa ubaoni, haikuweza kupimwa mahali pa pili.

Ukombozi ulikuja kwa umeme. Katika miaka ya 1860, Paul-Émile Le Boulengé, afisa wa mizinga katika jeshi la Ubelgiji, alitengeneza chombo ambacho katika historia hii yote ndicho nikipendacho zaidi, kwa sababu saa yake haina gurudumu wala mshale: saa yake ni kitu kinachoanguka. Penye njia ya risasi husimamishwa viwambo viwili vya nyaya, tuseme kwa umbali wa mita 50, na kila kiwambo hupitisha umeme unaoilisha sumaku moja. Sumaku ya kwanza imeshika ufito mrefu wa chuma uliovikwa mrija wa madini laini. Ya pili imeshika ufito mfupi. Risasi ikikata kiwambo cha kwanza, sumaku ya kwanza hufa, na ufito mrefu huanza kuanguka. Risasi ikikata cha pili, ufito mfupi nao huachiwa, ukashuka na kugonga kifyatuo, na kisu chenye kamani huruka na kuutia chale ufito mrefu ambao bado umo safarini. Nafasi iliyo kati ya alama ya mwanzo na chale ile ndiyo muda, maana kila kitu kiangukacho huanguka kwa kanuni moja isiyobadilika.

Hapo palikuwa na taksiri moja, na jinsi alivyoiondoa ndipo ustadi wake unapong'aa. Kisu hakifyatuki lahadha ile ile ambayo kiwambo cha pili kimekatwa. Ufito mfupi huchukua muda kuanguka, na sumaku na kamani navyo vina uzito wao wa kuamka. Basi Le Boulengé aliweka swichi ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja, pasipo risasi yoyote, ili chombo kiungame chenyewe kinachelewa kwa kiasi gani. Waliokitumia walikirekebisha mpaka chale ya ungamo hilo ikaangukia milimita 110.37, urefu ambao kitu huuanguka kwa sekunde 0.15 barabara. Ndipo walipopiga. Chale ya risasi ikionekana, tuseme, kwenye milimita 306.6, huo ni muda wa sekunde 0.25, ondoa 0.15 ya uchelevu, hubaki sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa mita 50, nayo ni kasi ya mita 500 kwa sekunde. Chombo hiki, pamoja na marekebisho ya Mfaransa Bréger, kilitumika katika viwanja vya majeshi hadi ndani ya karne ya ishirini, na sababu ya umri wake mrefu naiona katika swichi ile: ni chombo kilichoulizwa kwanza juu ya makosa yake, ndipo kikasadikiwa.

Zama zizo hizo Francis Bashforth, mwalimu wa maafisa wa mizinga wa Uingereza, alipanga viwambo kumi kwa mfuatano ili risasi moja itoe ushahidi mara kumi; na Ernst Mach wa Prague, pamoja na Peter Salcher aliyekuwa Fiume, wakaipiga picha risasi ikiwa hewani mwaka 1886, na wimbi la mshindo likiiandama kama mkondo wa jahazi. Pembe ya wimbi lile nayo ni kipimo, kwa kuwa risasi ikizidi mbio pembe huzidi kuwa nyembamba.

Karne ya ishirini ilileta jiwe la kwatzi, litetemekalo mamilioni ya mara kwa sekunde bila kuchoka, na macho ya umeme yanayohisi kivuli cha risasi kikipita juu yake. Vyombo vilivyokuwa vya majeshi vikawa vya mtu mmoja mmoja, hasa Marekani, ambako watu wengi hujijazia risasi zao wenyewe na kutaka kujua kama mkono wao wa kupima baruti ni thabiti. Haja yao si ya upuuzi, kwani katika shabaha ya mita 900 risasi mbili zilizopitana kwa mita 10 tu za kasi huweza kuachana kwenda juu kwa zaidi ya shibri moja.

Walakini macho hayo yana udhaifu wa macho. Jua likishuka, wingu likipita, au taa ya jengo ikitetemeka, chombo huona kisichokuwapo au hukosa kuona kilichopo. Kikiwekwa karibu mno na mdomo wa bunduki, moshi na upepo wa baruti hukidanganya, na ndiyo maana husogezwa mbele mita tatu na zaidi. Tena fikiri juu ya nafasi: macho mawili yakiachana kwa sentimita 60, risasi ya mita 900 kwa sekunde huipita nafasi hiyo kabla jiwe litetemekalo mara milioni moja halijatimiza mitetemo 667, na kosa la milimita moja katika kuyapanga huharibu jibu kwa mita moja na nusu. Kampuni ya Oehler ya Texas iliongeza jicho la tatu, ili kila risasi ipimwe mara mbili na majibu yalinganishwe. Naam, ni swichi ya Le Boulengé imerudi kwa sura nyingine. Anunuaye chombo cha macho na akaitafuta sifa hii kabla ya sifa nyingine zote hatajuta. Aina nyingine hufungwa chini ya kasiba yenyewe, isiogope jua wala kivuli, ila uzito wake hubadili mtikiso wa kasiba na kuihamisha shabaha, kwa hiyo yafaa kwa kupima kasi, haifai kwa kupima shabaha saa ile ile.

Na sasa imekuja rada, iliyokuwa mali ya majeshi na leo inauzwa ikiwa ndogo kama kitabu cha mfukoni. Hupeleka mawimbi nyuma ya risasi na kusikiliza mwangwi wake ulivyogeuka sauti: mawimbi ya mitetemo bilioni 24 kwa sekunde, yakiyarudia masikio yake kutoka kwa risasi inayokimbia mita 900, hurudi yakiwa yamepungua mitetemo 144,000, na upungufu huo ndio kasi. Haina viwambo vya kusimamisha, haiguswi na bunduki, haijali mawingu. Kama mfuko waruhusu, mimi ningeichagua hiyo, kwa sharti mnunuzi ajue inafanyaje kazi yake. Rada haioni risasi pale mdomoni. Huidaka imekwisha kwenda mbele, huifuata hatua kwa hatua inavyopungua kasi kwa kuzuiwa na hewa, kisha huurudisha nyuma upungufu ule kwa hesabu mpaka kwenye mdomo wa bunduki, nao ni upungufu ule ule ambao Robins aliupima kwa utepe, kwa futi 25, na 75, na 125.