Ahadi ya 1963 Iliyofika Kedowa

Tarehe 4 Agosti 2010, wapiga kura wa Kedowa, kwenye barabara ya kutoka Mau Summit kwenda Kericho, walipanga foleni kuamua juu ya katiba mpya. Miongoni mwa mengi yaliyokuwamo ni mahakama za kadhi. Kwenye majukwaa zilinadiwa kama jambo geni. Hazikuwa ngeni hata kidogo.

Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza wakausimamia kwa kumlipa kodi tangu 1895. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa mwambao walidai kujitenga. Kamishna James Robertson alitumwa kuchunguza, naye mwaka 1961 akapendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua: Sultani aachie ardhi, na Kenya iwalinde Waislamu katika dini yao na iziache mahakama za makadhi ziendelee. Januari 1964 Mapinduzi yakamng'oa Sultani na serikali ya Shamte. Ahadi haikung'oka, kwa kuwa ilikwisha kuwekwa ndani ya katiba ya Kenya. Sheria ya mwaka 1967 ikaziruhusu mahakama hizo nje ya Pwani pia.

Kazi ya kadhi ni ndogo kuliko hofu iliyomzunguka. Husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mwizi hamhukumu, na Mkristo hamgusi.

Viongozi wengi wa makanisa walipinga hata hivyo, wakisema dola isiipe dini moja nafasi katika katiba. Hoja hiyo ina uzito, na Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliikubali. Lakini kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuinadi bila historia ya mahakama hizo. Mkulima wa majani chai aliambiwa kuna kadhi anayekuja. Hakuambiwa kwamba Pwani ilijiunga na Kenya kwa masharti, na kwamba kuyavunja ni kuvunja neno la taifa zima.

Nyanda za chai, Kericho na Bomet, zilifuata upande wa nyekundu, yaani wa "Hapana", ulioongozwa na William Ruto. Nadhani suala la ardhi ndilo lililowagusa zaidi wapiga kura wa huko, kwa sababu katiba ililiagiza Bunge kuweka kwa sheria ukubwa wa juu na wa chini wa shamba la mtu. Kijani, yaani "Ndiyo", kikashinda kwa asilimia 67 kitaifa, na makadhi wakabaki katika Kifungu cha 170. Aprili 2013 Ruto aliapa kuwa Naibu Rais, na Septemba 2022 kuwa Rais, kila mara akiapa kuilinda katiba hiyo hiyo.