Kufufua Motokaa ya Kale

Msomaji kijana, historia haimo vitabuni tu. Imo pia katika vitu ambavyo mikono ya watu imeviunda, ikavitumia, kisha ikaviacha. Ukipita Migori au Homa Bay, hukosi kuona nyuma ya nyumba au karakana fulani motokaa kuukuu isiyokwenda, magurudumu yake yamezama ardhini, na majani yameota kati ya viti. Mpita njia huona chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Mwanahistoria huona nini? Ili tupate jibu, natutazame motokaa moja ambayo habari zake zajulikana vizuri.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Baadaye yalijulikana kama Safari ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua kubwa. Ninyi mkaao karibu na Ziwa Victoria mwaujua udongo mweusi mvua inaponyesha: hunata miguuni na hushika gurudumu kana kwamba una mikono. Katika njia za namna hiyo, mwaka 1963 motokaa 84 zilianza safari. Zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu.

Mwaka huo huo wa 1963 kampuni ya Nissan ya Japani iliingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Miaka minane baadaye, mwaka 1971, ilileta motokaa ya mbio iitwayo Datsun 240Z. Ilikuwa motokaa fupi ya watu wawili, yenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4. Aliyeiendesha moja na kushinda ni Edgar Herrmann, akiwa pamoja na Hans Schüller. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Mike Doughty, katika motokaa ya aina iyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda kwa Datsun 240Z. Hivyo matope ya Afrika Mashariki yakawa shahada ya kiwanda cha mbali.

Motokaa iliyoshinda mwaka 1971 ilirudishwa Japani, ikawekwa na kampuni yake, na miaka mingi ikapita bila ya kwenda. Ndipo mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan waliojitolea walipoishughulikia wakaitengeneza hata ikaweza kwenda tena. Tangu ushindi ule ilikuwa imepita miaka 42.

Labda utauliza: kuna ugumu gani? Si kutia petroli na kuzungusha ufunguo? La, hasha! Haraka hiyo ndiyo iuayo motokaa za kale. Petroli iliyokaa miaka mingi hugeuka kuwa kama utomvu, ikaziba vijitundu vya kabureta. Oili iliyolainisha pistoni imekwisha kuteremka chini, na kutu imeshika ndani ya silinda. Injini ikilazimishwa katika hali hiyo, chuma hukwaruza chuma, na kilichodumu miongo kadhaa huharibika kwa dakika moja.

Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza kwa kalamu, wala haanzi kwa spana. Huipiga motokaa picha pande zote kabla ya kuondoa hata msumari. Huandika namba ya bodi na namba ya injini, kwa maana hizo ndizo zitakazomwambia kama injini ni ile ya asili. Huwauliza wazee walioijua. Kisha huchunguza kutu chini ya sakafu na kwenye pembe ambamo maji hutuama. Huondoa petroli ya zamani, hutoa plagi, hudondoshea oili ndani ya silinda, na baada ya kungoja huizungusha injini polepole kwa mkono. Mipira ya breki huibadilisha mapema, kwani motokaa iwezayo kwenda lakini isiyoweza kusimama ni hatari kuliko ile isiyokwenda kabisa.

Hapo ndipo lizukapo swali kubwa: tubadilishe kiasi gani? Mtu mmoja atataka kila bonde la bodi linyoshwe na rangi mpya ing'ae. Mwingine atasema bonde lile lilipatikana njiani, na kulinyosha ni kufuta maandishi. Mimi naona huyu wa pili ana haki zaidi. Kitu kisipotengenezwa kitakwisha kwa kutu. Lakini kikibadilishwa chote, kilichobaki si cha kale tena, bali ni mfano wake tu.

Jambo hili si geni kwenu. Katika Migori mnayo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila ya saruji wala udongo wa kushikiza, jiwe likishikana na jiwe. Mwaka 2018 yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Jiwe likianguka, mtunzaji mwema hulirudisha lile lile kwa ufundi ule ule. Akitia saruji, ukuta utasimama, lakini maarifa ya waliojenga yatakuwa yamezikwa. Kanuni ya ukuta ndiyo kanuni ya motokaa.

Wala tusidhani kwamba ufundi huu ni wa Wajapani peke yao. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alikuwa fundi wa motokaa kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mikono ya nchi hii iliweza. Tulichopungukiwa mara nyingi ni nia ya kutunza. Motokaa ya mwaka 1971 ilipata watunzaji kwa sababu kiwanda chake kiliithamini. Zilizobaki kwetu zinamngoja nani?

Basi, utakapoona motokaa iliyoachwa, mwombe mwenyewe ruhusa, uiandikie habari zake: nani aliinunua, ilibeba nini, ilikwenda wapi, ilisimama mwaka gani. Huenda isiende tena kamwe. Lakini mnunuzi wa chuma akija na mizani yake, angalau atakuta kwamba historia imekwisha kuondolewa, imo katika daftari lako.