‘Nilifinya tu alau’: Faragha kutoka enzi za kipande hadi simu

Mwaka 2019 nilikuwa sokoni Karatina nikinunua viazi mama muuzaji aliponiomba nimsomee ujumbe. Haukuwa umetumwa kwake. Ulikuwa umetumwa kwa mkwewe, mamake mume wa bintiye, naye mkwe akamrushia kuuliza kulikoni. Ulikuwa wa Kiingereza, ukimtaja mama huyu kwa jina na kusema amekwepa deni la mkopo wa simu. Anayejua mila za Agikuyu anajua mkwe huheshimiwa kiasi cha kuogopwa. Afadhali soko zima lijue.

“Mwalimu, hawa watu walitoa wapi namba ya mkwe wangu?”

Nikamuuliza alibonyeza nini siku alipoiweka ile programu.

“Nilifinya tu alau, ndio pesa ikuje. Walitaka kontakti. Na kontakti si ni namba yangu?”

Swali hilo la mwisho sijalisahau. Katika Kiingereza cha simu, neno hilo lina maana ya orodha nzima ya watu uliowahifadhi. Katika Kiswahili tunachozungumza Nyeri, Karatina au Nanyuki, “nipe kontakti” ni kumwomba uliye naye namba yake mwenyewe. Mama hakukosa kusoma. Alisoma neno kwa maana ambayo majirani zake wote wanalipa.

Tuliyapataje maneno haya? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitukuta kwenye saiba za mjini Nyeri, ambako kijana wa zamu alikufungulia baruapepe, akakuchagulia nywila, na aghalabu akaikumbuka kuliko wewe. Mnamo Machi 2007 ikaja M-Pesa, na pamoja nayo “namba ya siri”. Hapo Kiswahili kilifanya kazi yake barabara. Hata nyanya asiyejua kusoma alielewa kwamba namba ile haitajwi mbele ya watu. Facebook ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2009, ila wanafunzi wangu wote waliendelea kuitumia kwa Kiingereza, kisha wakatuletea kuposti, kulaiki, kusheya na kublok.

Mimi si miongoni mwa wanaolilia maneno hayo. Aliyeblokiwa anajua amefanyiwa nini. Tendo lenyewe linamfunza maana. Taabu iko kwa maneno ambayo tendo lake halionekani. Ukifinya “alau”, hakuna kinachosogea mbele ya macho yako. Orodha yako inaondoka kimyakimya, na pesa zinaingia.

Tatizo jingine ni neno lenyewe la faragha. Kwetu “praivet” ni hospitali au shule ya wenye pesa. Ukimwambia mtu aiweke akaunti yake iwe praivet, anaweza kudhani kuna ada. Wengine hutafsiri kwa neno siri, na hapo mambo huharibika zaidi, kwani mwenye siri hushukiwa. “Mimi sina siri, waangalie tu,” ndilo jibu nililolisikia mara nyingi. Lakini faragha si siri. Neno hili asili yake ni Kiarabu, kutokana na dhana ya utupu, yaani mahali au wakati usio na watu. Deni la mama wa viazi halikuwa siri. Mumewe alilijua, na jirani wa kibanda pia. Lilikuwa tu si la mkwe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba watu wa mlimani hawakulijua jambo hili kabla ya simu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi na mshahara wake, ndani ya kikopo cha chuma alichoning’iniza shingoni. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko ya Harry Thuku na wenzake, na Machi 1922, Thuku alipokamatwa, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hawakuhitaji neno la Kiingereza kutambua kwamba mwajiri hapaswi kusoma maisha ya mtu kifuani pake. Gakaara wa Wanjau, ambaye baadaye alikuwa na kiwanda chake cha uchapishaji hapo hapo Karatina, aliandika shajara akiwa kizuizini miaka ya 1950 na kuificha askari wasiione. Ilichapishwa 1983 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma.

Sheria nazo zimekuja. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikawakataza wakopeshaji wa simu kutumia orodha ya majina ya mteja kuwaandikia watu wake anapochelewa kulipa. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa makosa ya aina hiyo. Sheria ya 2019 inadai idhini ya mtu anayeelewa anachokikubali. Kiswahili kina neno ridhaa, na ndani yake mna kuridhika. Mama alikubali; hakuridhia. Laiti kitufe kingeandikwa “Ruhusu tusome majina yote kwenye simu yako”, angeuza viazi vyake kwanza.

Jioni ile niliikagua simu yangu. Programu ya tochi ilikuwa na ruhusa ya kusoma orodha yangu yote ya majina. Tochi! Niliipa mwenyewe, na Kiingereza nakisoma.