Bukavu, mji wenye jina la ng'ombe

Wazee wa Bushi husema jina la Bukavu limetoka katika Kimashi, kwenye neno bunkafu, maana yake mahali pa ng'ombe. Kabla ya Wazungu kufika, rasi hizo zinazoingia ndani ya ziwa Kivu ziliitwa Rusozi. Leo mtu anaweza kushuka kutoka Essence mpaka Nyawera, akapanda tena mpaka Kadutu, asikutane na ng'ombe hata mmoja, isipokuwa wale wanaopelekwa machinjioni. Atakutana na mbuzi wanaotafuna maganda ya ndizi kando ya barabara, kuku waliofungwa miguu wakisubiri mnunuzi, na mbwa waliolala chini ya vibanda. Na akikaribishwa ndani ya nyumba ya mbao huko Panzi au Bagira, huenda akasikia vilio vidogo kama vya ndege vikitoka chini ya kitanda. Hao ni dende, wanaoitwa kobaye kwa Kifaransa.

Jinsi ng'ombe alivyotoka mjini na dende akaingia chini ya kitanda ni habari ya miaka zaidi ya mia moja, na ndani yake kuna magonjwa, vita, na watu waliojaribu kuponya wanyama kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Katika Bushi ya zamani ng'ombe alikuwa zaidi ya maziwa. Mtu aliyetaka shamba la kuwaachia watoto wake alimpelekea mwami au mkubwa wa kijiji ng'ombe, na mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Aliyelipa kalinzi alikuwa na ardhi, na asiyekuwa na ng'ombe alilima kwa bwasa, yaani kwa muda mfupi, na aliweza kuondolewa. Mahari pia yalihesabiwa kwa ng'ombe, na mpaka sasa familia nyingi za Bukavu zikikaa kupatana mahari hutaja ng'ombe, hata kama kitakachotolewa ni noti za dola ndani ya bahasha. Kwa hiyo ugonjwa ulioua ng'ombe ulimnyima mtu chakula, shamba na mke kwa pamoja.

Ugonjwa huo ulifika. Uliitwa sotoka. Uliingia Afrika kwa pembe ya kaskazini-mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitalia huko Eritrea. Ukashuka kupitia Ethiopia na nchi za maziwa makuu, na mwaka 1897 ulikuwa umefika kusini kabisa mwa bara. Sehemu nyingi ulipopita, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Kabare na Ngweshe hazikuponyoka. Wabelgiji walipokuja kuweka kituo chao kando ya ziwa mnamo mwaka 1901, walikuta nchi ambayo bado inajaribu kurudisha mifugo yake. Mara nyingi hadithi ya ukoloni husimuliwa kama bunduki peke yake, na sotoka husahauliwa.

Hata Wabelgiji wenyewe sotoka iliwafuata nyumbani. Mwaka 1920 ng'ombe kutoka India waliokuwa wakipelekwa Brazili walipita bandari ya Antwerp, na ugonjwa ukaenea Ubelgiji. Hofu hiyo ndiyo iliyofanya mataifa kuunda shirika la kimataifa la afya ya wanyama huko Paris mwaka 1924. Chanjo nzuri na ya bei nafuu ilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, ambako mtaalamu Walter Plowright na wenzake waliitengeneza karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

Turudi Bukavu. Mwaka 1927 mji uliitwa Costermansville, na mwaka uliofuata iliundwa Comité National du Kivu, kampuni iliyopewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi kwa walowezi. Malisho mengi yakawa mashamba ya kahawa, chai na kinina. Kituo cha utafiti cha Mulungu kikafunguliwa, na baada ya mwaka 1947 kikaja kile cha Lwiro. Kwa upande wa wanyama, serikali ilileta chanjo, mabirika ya dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na ukaguzi wa nyama. Veterineri Mzungu alitoa amri. Aliyeshika pembe na kuchoma sindano alikuwa msaidizi Mkongomani, yule ambaye watu walimwita muganga wa ngombe. Mfugaji hakuulizwa sana maoni yake, ila kazi hiyo iliokoa wanyama wengi, na hilo lazima lisemwe hata na wasiopenda kumbukumbu za wakati ule.

Kupe ndio walikuwa adui wa kila siku, na bado ndio. Wanaleta homa inayovimbisha tezi chini ya sikio la ndama, akapumua kwa shida na kufa ndani ya wiki mbili au tatu. Dawa ya kuogesha ikikosekana mwaka mmoja tu, ndama wa mwaka huo wanapotea. Ndiyo maana mfugo wa ng'ombe unategemea utawala uliotulia kuliko watu wanavyofikiri. Unahitaji birika lenye dawa, friji yenye chanjo, na barabara ambayo muganga anaweza kuipita bila kunyang'anywa pikipiki.

Utulivu huo haukudumu. Wabelgiji waliondoka baada ya 1960, na wasaidizi wakabaki na kazi bila vifaa. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti mpaka Novemba, na wakaaji wengi wakakimbilia vijijini na ng'ambo ya Ruzizi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi. Ng'ombe wa maziwa wa walowezi wakapata wenyewe wapya, na wengi kati ya wenyewe hao waliona nyama kabla ya kuona maziwa. Miaka ya 1980 serikali haikuwa tena na pesa za dawa, na veterineri aliyetaka kuishi alifungua duka lake.

Halafu vikaja vita. Bukavu ilianguka tarehe 30 Oktoba 1996. Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na Juni 2004 mji ulitekwa tena kwa siku chache. Katika Kabare, Walungu, Kalehe na nyanda za juu, kila kundi lenye silaha lilijua thamani ya ng'ombe: anatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka sokoni. Mbuzi walifuata, halafu nguruwe. Familia iliyokuwa na kundi ikabaki na kamba.

Hapo ndipo dende alipopata nafasi yake. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lakini Kivu alikuwepo zamani, akichukuliwa kama mchezo wa watoto. Vita vilipozidi, watu wazima walimtazama upya. Halii kwa sauti ya kufika barabarani. Anakula majani na maganda ya jikoni. Ana mimba ya siku karibu 68, anazaa watoto wawili mpaka wanne ambao wanafungua macho na kukimbia siku ileile, na mama anaweza kupata mimba nyingine saa chache baada ya kuzaa. Kubwa zaidi, wanne wanaingia ndani ya kikapu, na askari hababaiki na kikapu cha majani. Mwaka 2012 watafiti walioandika juu ya mifugo midogo ya Kivu ya Kusini baada ya vita walieleza jambo ambalo kila mama wa Walungu alikuwa analijua: wanyama wamepungua kwa kila nyumba, na wadogo wamechukua nafasi ya wakubwa. Chuo kikuu cha UEA, pale Panzi, kimeendelea kumfanyia utafiti dende, na hakuna anayecheka tena.

Dende akauzwa, daftari la shule linanunuliwa. Akichinjwa, watoto wanaonja nyama. Yeye ni kalinzi ya mtu asiye na ng'ombe, ingawa hakuna mwami anayempokea.

Kwa hiyo asubuhi kwenye duka la dawa za mifugo mjini haifanani na picha ya veterineri aliyezungukwa na ng'ombe. Meza ya mbao, kabati la kioo, friji ndogo, na mstari wa watu wenye vikapu. Anaingia mama na kuku watatu.

"Docta, kuku zangu zinasinzia, na mavi ni ya kijani."

"Pole mama. Zimekufa ngapi mpaka sasa?"

Swali hilo la pili linasema yote. Huo ni kideri, ugonjwa ambao Wafaransa na Waingereza wote wanauita Newcastle, na ukishaonekana hauna dawa. Kilichobaki ni kutenga walio wazima, kuzika au kuchoma waliokufa, na kutowapeleka wagonjwa sokoni. Kinga yake ni tone moja la chanjo kwenye jicho, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Zipo chanjo za aina inayovumilia joto, na katika mji ambao umeme unakatika, hiyo ni tofauti kati ya chanjo na maji matupu. Wenye kuku kumi hukubali kulipa. Mwenye kuku wawili huona ni afadhali awauze mapema, na hapo ndipo ugonjwa unapopanda basi kwenda soko lingine.

Dende naye ana makosa yake yanayojirudia. Watu humpa vidonge vya binadamu. Penisilini na ampisilini, ambazo kila mtu anazo nyumbani, zinaharibu tumbo la dende na kumuua ndani ya siku chache, na mwenyewe anafikiri ni ugonjwa uliomuua. Kosa lingine ni kumlisha unga na mabaki ya bugali peke yake. Mwili wa dende hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na wa binadamu, hivyo bila majani mabichi anavimba viungo, anashindwa kutembea, anakufa. Na moshi wa jiko unamletea kikohozi. Kipande cha ubao cha kumweka mbali na moto na mbali na paka kinashinda dawa nyingi za kabatini.

Mbwa ni habari nyingine. Katika Muhumba na Nguba, mitaa iliyokuwa ya Wazungu, mbwa alikuwa na mlo na chanjo tangu enzi za Costermansville. Katika mitaa ya juu mbwa hulinda usiku na kujitafutia mchana. Kila vita vinapowakimbiza watu, mbwa wanabaki bila mwenyewe, na hapo kichaa cha mbwa kinapata njia. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza dhidi yake Julai 1885, na bado watu wanakufa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wakiwa watoto. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kuumwa na dalili kwa kawaida kuna mwezi mmoja mpaka mitatu, na muda huo ni wa kutumiwa: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, siku ileile, kisha kwenda hospitali kuomba chanjo, bila kuweka majani wala pilipili juu ya kidonda. Mbwa aliyeuma asiuawe haraka ikiwa anaweza kufungwa salama. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Mji unaochanja mbwa saba kati ya kumi unaukata ugonjwa. Bukavu haijafika hapo.

Wapo pia waganga wa wanyama wanaofanya kazi ambayo wengi mjini hawaioni. Lwiro, tangu 2002, kuna kituo kinachotunza sokwe na nyani mayatima walioponyoka kwa wawindaji, na katika mbuga ya Kahuzi-Biega madaktari huenda kuondoa mitego kwenye mikono ya sokwe wakubwa, magorila. Vijana waliosoma kuchoma sindano kwa mbuzi wa jirani wameishia huko.

Katikati ya Februari 2025 M23 iliingia Bukavu, baada ya kuuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu. Benki zilifungwa, na ndege zilizokuwa zinaleta chanjo hazikutua tena. Maelfu walivuka Ruzizi kwenda Burundi, wengi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wengine walipanda kwa ndugu zao Walungu, na wengine kutoka Kalehe walikuwa wameshafika mjini kabla yao, wakiwa wamekimbia mara mbili au tatu. Nyumba moja ikawa na familia nne na kuku wa familia nne. Katika hali kama hiyo kuku mgeni hutengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wa mwenye nyumba, hata kama ni wa ndugu. Mashemeji hukasirika kwa jambo hilo, lakini kideri hakijui ushemeji.

Walioondoka bila kikapu waliwaachia majirani wanyama wao, kwa mapatano ya kugawana watoto watakaozaliwa, kama zamani ng'ombe walivyowekwa kwa mwingine. Dende jike aliyeachwa Februari ameshaweza kuzaa mara kadhaa tangu hapo. Majirani wengine huweka alama kwa mkaa ukutani, mstari kwa kila mtoto, upande mmoja wake wao na upande mwingine wa mwenyewe, mpaka atakaporudi.