Mgeni wa Saa Kumi za Usiku

Ndugu msomaji, umewahi kufika mahali saa kumi za usiku huku hujui ubavu wako utaulaza wapi? Mimi yamenikuta, tena si ugenini. Yamenikuta Kemondo, bandari ndogo ya kusini mwa Bukoba.

Meli ya Mwanza huondoka usiku, ikapita Kemondo kabla ya kufika Bukoba mjini. Sisi wa Muleba hushukia hapo, maana kwenda mpaka Bukoba ni kuipita njia ya nyumbani na kurudi nyuma tena. Basi nikashuka na begi langu. Giza totoro, manyunyu yanaanza. Gesti ya kwanza mlinzi akasema pamejaa. Ya pili wakataka hela ya usiku mzima, na usiku wenyewe umebaki kiduchu! Mfukoni nilikuwa na nauli ya Kamachumu tu. Nikarudi zangu barabarani.

Pale palikuwa na mama anakoka moto wa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka melini? Kaa hapo, pakuche."

Akafungua kitambaa, akanipa kahawa ya kutafuna. Hakuniuliza jina, wala mimi sikumuuliza lake. Nikatafuna huku nawaza: hivi zamani, kabla ya gesti, mgeni wa usiku alipokelewaje huku kwetu?

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Kwa Wahaya kahawa ilitafunwa miaka mingi kabla mzungu hajaja kuinunua kwa magunia. Mgeni akiingia, kahawa kwanza, maneno baadaye. Watu wawili wakitaka kuchanjiana udugu, waligawana punje mbili za tunda moja. Hapo mmekuwa ndugu, na ndugu hakosi pa kulala.

Na wageni wa mbali je? Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kumzoea mfalme huyo, wana kituo chao Kafuro. Grant alikuwa mgonjwa wa mguu, hawezi safari. Speke alipoendelea kwenda Buganda mwaka 1862, mwenzake alibaki Karagwe kwa miezi akiuguzwa. Hebu fikiri: mzungu mgonjwa, mbali na kwao, amelala chini ya ulinzi wa mfalme mweusi. Kumbe mwenyeji alikuwa sisi!

Lakini mwaka 1890 akaja Emin Pasha, akaanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba, kando ya ziwa. Huyu hakuwa mgeni wa kupita. Baadaye mgeni akageuka mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaambiwa alipe kodi. Sisemi ukarimu ulikufa siku hiyo. Nasema toka hapo mlango ulianza kuwa na bei.

Mwaka 1961 ikaanza kazi meli ya Victoria, iliyoundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki Tanzania. Ilibeba wanafunzi, wafanyabiashara, ndizi na maiti wa kurudishwa nyumbani. Ilisimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020. Ndiyo iliyonileta mimi.

Nilichelewa kuipanda kwa sababu ya bibi yangu. Yeye hataki kusikia habari ya meli. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapakia watu wengine Kemondo. Asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka karibu na Mwanza. Mamia wakafa, wengi wakazikwa Igoma. Mjomba wangu alipandia gati hii hii. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Alimwambia bibi kwamba Mwanza atafikia kwa rafiki. Bibi hakuuliza rafiki gani, mtaa gani. Toka siku hiyo kila anayesafiri nyumbani kwetu huulizwa swali moja: "Utalala wapi?" Zamani tulicheka, tukaona ni uzee.

Kulipokucha yule mama akanionyesha gari la Muleba. Nikafika Kamachumu jua limepanda. Bibi, hata mkono hajanipa:

"Ulilala wapi?"

Nikamweleza kila kitu, hadi kahawa.

"Anaitwa nani huyo mama?"

Nikanyamaza.

"Umekula kahawa ya mtu, hata jina lake hulijui?" Akatikisa kichwa. "Ukirudi kupanda meli, utamuuliza. Kisha uniletee hilo jina."

Wenzangu tunaotaka kuwa waandishi, tunajua jina la Speke. La Emin Pasha tunalo, hata la mfalme Rumanyika tunalo. Waliowapikia, waliowabebea mizigo na kumwuguza Grant mguu wake, wengi tuwataje kwa jina gani? Tukawaulize mabibi zetu kabla hawajatutoka. Mimi naanza na mama wa chai wa Kemondo. Safari hii nitabeba kalamu.